Uchambuzi wa kisa: Taa za sikukuu kutoka wati 900 hadi wati 44 kwa bajeti finyu

Kisa hiki ni cha kaya moja iliyopamba nyumba yake kwa taa kwa msimu mmoja wa sikukuu wa usiku 30. Majina, mahali na bei vimeondolewa. Gharama zimeonyeshwa kwa uniti za umeme na kwa mafungu ya bajeti, ili kila msomaji aweke bei za kwake. Umeme wa nyumba ni wa volti 230.

Hali ilivyokuwa

Nyumba ni ya ghorofa moja, yenye baraza mbele, nguzo mbili, ngazi fupi na mti mmoja uani. Kaya ilikuwa na taa zake za miaka mingi, zote za balbu za uzi, yaani zile ambazo uzi wa ndani huwaka kwa kupata moto. Zilikuwa hivi:

- Waya mnene wenye holda 20, kila moja na balbu ya wati 25, uliotandazwa chini ya paa upande wa mbele: wati 500.
- Bomba la taa la plastiki lenye mita 10 kuzunguka ngazi, wati 16 kwa kila mita: wati 160.
- Nyaya 6 za balbu ndogo, kila waya una balbu 100 na unakula wati 40: wati 240. Nne zilikuwa nje, mbili kwenye mti wa mapambo sebuleni.

Jumla ni wati 900. Taa ziliwashwa na kuzimwa kwa mkono, na mara nyingi zilisahaulika mpaka usiku wa manane. Wenye nyumba walikadiria wastani wa saa 8 kwa usiku. Kwa usiku 30 hizo ni saa 240, na wati 900 mara saa 240, ukigawa kwa 1,000, ni uniti 216.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo bili haikulionyesha. Taa zote za nje, wati 820, zilipita kwenye ekstensheni moja nyembamba ya kutumia ndani ya nyumba, na sehemu yake ilikuwa bado imezungushwa kwenye kigurudumu chake. Plagi ilikuwa ikipata joto. Ekstensheni iliyozungushwa haina pa kutolea joto, ndiyo maana watengenezaji wengi huandika viwango viwili kwenye kigurudumu: kimoja cha waya uliofunuliwa wote, na kingine cha chini zaidi cha waya uliozungushwa.

Bajeti iliwekwa kwa kanuni rahisi: fedha za msimu huu zisizidi thamani ya zile uniti 216 za msimu uliopita. Ni kanuni nzuri, kwa kuwa inamlazimu mtu kupiga hesabu ya umeme kabla ya kwenda dukani.

Kupima kabla ya kununua

Hatua ya kwanza ilikuwa kusoma lebo za kila taa na kuandika wati zake. Kisha kila kimoja kilichomekwa kwenye kipima umeme cha kuazima, kile kinachokaa kati ya soketi na plagi. Vipimo vilikubaliana na lebo kwa tofauti ndogo.

Onyo moja kuhusu kifaa hiki: kwenye mizigo midogo ya LED, ya wati chache tu, vipima vya bei nafuu husoma vibaya. Njia ya uhakika ni kuunganisha taa zote mpya kwa pamoja, kuacha kipima kihesabu uniti kwa usiku kadhaa, kisha kugawa kwa saa zilizowaka.

Orodha ilipokamilika, jambo moja lilijitokeza ambalo hakuna aliyelitarajia. Nyaya 6 za balbu ndogo, ambazo familia ilizihesabu kuwa ndizo "taa zenyewe", zilikuwa zinakula wati 240 tu. Ule waya mmoja wa balbu kubwa ulikula zaidi ya nusu ya umeme wote. Bila kupima, fedha yote ingekwenda kwenye nyaya mpya za taa ndogo na wati 500 zingebaki pale pale.

Maamuzi na sababu zake

*Balbu kubwa zilibadilishwa, waya ukabaki.* Waya wenye holda ulikuwa mzima, mpira wake haujapasuka, na holda zilikuwa za kipimo cha kawaida cha E27, yaani za balbu ya kuzungusha. Zilinunuliwa balbu 20 za LED za wati 1, za rangi ya joto ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Zilichukua asilimia 40 ya bajeti. Kulikuwa na hoja ya kununua za wati 3 ili mwanga ulingane na ule wa zamani. Ilikataliwa, na ilikuwa sahihi: balbu ya pambo hutazamwa yenyewe, haimuliki kazi. Balbu ya wati 3 iliyo wazi usoni huumiza macho, na huzima uzuri wa taa ndogo zilizo jirani.

*Bomba la taa liliondolewa bila mbadala.* Lilikuwa limeanza kubadilika rangi na vipande viwili vyake havikuwaka. Wati 160 ziliokolewa bila kutumia fedha yoyote. Uamuzi huu ulikuwa mgumu zaidi kukubalika ndani ya familia, kwa sababu ngazi ingebaki giza. Suluhisho lilikuwa kusogeza mwanzo wa waya wa balbu kubwa ili balbu tatu za mwisho ziangukie juu ya ngazi.

*Nyaya mbili za LED kwa nguzo za baraza.* Nyaya nne za zamani za nje ziliondolewa. Kila moja ya hizi mpya ina taa 100 na inakula wati 6, yenye alama ya IP44, yaani inahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. Alama ya IP20 ni ya ndani tu. Nyaya hizi zilichukua asilimia 20.

*Nyaya mbili za sola kwa mti wa uani.* Sababu ilikuwa kukwepa kuvuta ekstensheni kupita kwenye nyasi. Zilichukua asilimia 25.

*Taima mbili za kuzungusha kwa mkono*, zenye pini za nusu saa, moja ya ndani na moja ya nje chini ya paa. Asilimia 15. Ziliwekwa kuwaka saa 12:30 jioni na kuzima saa 5:30 usiku, saa 5 kamili.

Bajeti ikaishia hapo. Nyaya mbili za zamani za sebuleni ziliachwa, kwa vile familia ilipenda rangi yake na wati 80 zilionekana ndogo.

Usimikaji

Vitu vyote vipya vilifunguliwa na kuwashwa vikiwa sakafuni kabla mtu hajapanda ngazi. Waya mmoja wa nguzo uligundulika kuwa wa mwanga mweupe unaoelekea bluu, ingawa boksi liliandikwa "nyeupe" kama la mwenzake. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kipande cha LED ya bluu kilichofunikwa kwa unga wa rangi ya manjano, na unene na aina ya unga huo ndivyo vinavyoamua kama mwanga utakuwa wa joto au wa baridi. Neno "nyeupe" halimwambii mnunuzi lolote. Namba ya kelvini ndiyo inayosema. Waya huo ulirudishwa na kubadilishwa siku hiyo hiyo.

Kazi ilianzia kwenye soketi kuelekea mbali, ili plagi isije ikaishia mwisho usio na umeme. Waya ulishikwa kwa vibanio vya plastiki kila nusu mita. Pini za stepla na misumari havikutumika, kwa kuwa jino moja likipenya mpira wa waya, umeme hupata njia ya kufika ukutani. Pale waya wa balbu kubwa ulipovuka uwazi kati ya nguzo mbili, kamba nyembamba ya chuma ilifungwa kwanza na waya ukaning'inizwa juu yake, ili maungio ya holda yasivutwe na uzito.

Kwenye kila plagi ya nje waya uliachwa ushuke chini kidogo kabla ya kupanda tena kuingia kwenye soketi. Maji yanayotiririka juu ya waya hudondoka kwenye ule upinde, hayafiki kwenye plagi. Ekstensheni ya zamani ilitupwa na ya matumizi ya nje ikaazimwa kwa ndugu, ikafunuliwa yote.

Nyaya za LED hazikuchomekwa kwenye mkia wa nyaya za zamani, wala za zamani kwenye mkia wa LED. Waya wa LED huwa mwembamba kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Ukiubebesha wati 40 za waya mwingine nyuma yake unapitisha mkondo ambao haukutengenezewa.

Mambo yalivyokwenda

Usiku wa kwanza taima ilizima saa 5:30 kama ilivyopangwa, lakini balbu kubwa zilibaki na mwanga hafifu sana, kama makaa yanayokufa. Taima za namna hii nyingi hukata waya mmoja tu kati ya miwili. Plagi ya nyumba hii inaweza kuingia kwa pande zote mbili, na iliingizwa kwa upande uliofanya taima ikate waya wa kurudi huku wenye umeme ukibaki hai. Mkondo mdogo mno unaovuja kutoka kwenye waya mrefu kwenda kwenye vitu vinavyouzunguka unatosha kuiamsha LED, jambo ambalo balbu ya uzi isingelionyesha kamwe. Plagi iligeuzwa na mwanga ukatoweka. Hili si la kupuuzwa kwa kuwa ni mwanga mdogo tu: lilikuwa na maana kwamba holda zote 20 zilikuwa na umeme wakati kila mtu akiamini zimezimwa. Kwa plagi isiyogeuka, dalili hiyo inataka fundi aangalie soketi ilivyofungwa.

Usiku wa nne mvua ilinyesha. Kifaa cha kinga kwenye boksi la umeme, kile kinachokata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30, kilikata soketi zote za nje. Kijana wa nyumba alipendekeza kuhamishia plagi kwenye soketi isiyo na kinga ili taa ziwake. Baba alikataa, akazima kila kitu mpaka asubuhi. Ndio uamuzi muhimu kuliko yote katika kisa hiki. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake, na kukikwepa kungeacha holda zenye maji na umeme mahali watoto wanapopita.

Asubuhi plagi zote zilichomolewa, kinga ikarudishwa, kisha vifaa vikachomekwa kimoja kimoja. Waya wa balbu kubwa ndio uliokata. Balbu zote zilipofunguliwa, maji yalikutwa kwenye holda mbili tu, zile za katikati, pale waya ulipolegea na kushuka chini kuliko kwingine. Maji hufuata waya hadi mahali pa chini kabisa.

Chanzo kilikuwa pete ya mpira. Kila holda ya nje ina pete inayobanwa na shingo ya balbu ili kuzuia maji. Balbu za zamani za wati 25 zilikuwa na shingo nene iliyojaza pete vizuri. Za LED zilikuwa na shingo nyembamba, zikaacha mwanya usioonekana kutoka chini.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuzungushia utepe wa umeme. Lilishindwa siku iliyofuata: utepe ulizuia maji yaliyokuwa ndani yasitoke, huku mapya yakiingia kwa pembeni, na kinga ikakata tena. Jaribio la pili lilifanya kazi. Holda zilikaushwa kwa siku nzima, pete mpya zenye tundu dogo zaidi zikawekwa kwenye holda zote 20, grisi kidogo ya silikoni ikapakwa kwenye pete, na waya ukavutwa ili holda zote zitazame chini bila sehemu iliyolegea. Hakuna holda iliyoachwa tupu. Mvua mbili zilizofuata hazikuleta tatizo.

Nyaya za sola zilivunja moyo tangu mwanzo. Moja iliwaka kwa saa mbili hivi na kuzimika. Ya pili haikuwaka kabisa.

Usiku wa kumi hesabu ilirudiwa. Mzigo wote ulikuwa wati 112: 20 za balbu kubwa, 12 za nguzo, na 80 za nyaya mbili za zamani sebuleni. Zile zilizoachwa kwa sababu "ni ndogo" sasa zilikuwa zinakula zaidi ya theluthi mbili ya umeme wote wa mapambo. Familia iliongeza fedha, kama asilimia 15 juu ya bajeti, ikanunua seti mbili za LED za ndani, wati 6 kila moja, za kelvini 2700, zinazotumia adapta ya volti 31. Kulikuwa na wazo la kuziendesha zote mbili kwa adapta moja ili kubakiza soketi. Lebo ya adapta ilisema wati 6 mwisho, hivyo kila seti ikabaki na adapta yake.

Matokeo

Usiku 10 wa kwanza, wati 112 kwa saa 50: uniti 5.6. Usiku 20 uliobaki, wati 44 kwa saa 100: uniti 4.4. Taima zenyewe, wati 1 hivi kila moja zikiwa zimechomekwa mchana na usiku kwa mwezi mzima: uniti 1.4. Jumla ni uniti 11.4 badala ya 216. Usiku ambao taa za nje zilizimwa kwa sababu ya maji haukupunguzwa kwenye hesabu, kwa hiyo matumizi halisi yalikuwa chini kidogo ya hapo.

Uchambuzi

Wati 856 zilizoondolewa hazikutoka sawasawa. Kubadilisha balbu 20 kulileta wati 480, asilimia 56. Kuondoa bomba la taa kulileta 160, asilimia 19, bure. Nyaya nne za nje zilileta 148, na mbili za ndani 68. Robo tatu ya faida ilitokana na vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo hakikununuliwa. Mwenye fedha kidogo kabisa angeweza kuishia hapo, akabaki na wati 260, na asijutie.

Taima inahitaji kuzungumziwa kwa uwazi, maana husifiwa kuliko inavyostahili. Ikiwa kaya hii ingenunua taima tu na kubaki na taa za zamani, wati 900 kwa saa 150 zingekuwa uniti 135: uniti 81 zingeokolewa, na hiyo ni faida kubwa kwa kifaa cha bei ndogo. Baada ya kuhamia LED, kupunguza saa 240 kuwa 150 kwenye wati 44 kunaokoa uniti 4 tu, na taima mbili zenyewe zinakula 1.4. Kwa hiyo, mwenye balbu za uzi asiye na uwezo wa kubadilisha aanze na taima leo hii. Mwenye LED aiweke kwa ajili ya usingizi wa majirani na maisha marefu ya taa, asitegemee bili ishuke kwa sababu yake. Na umeme ukikatika, taima ya kuzungusha husimama. Umeme ukirudi baada ya saa mbili, nayo imechelewa saa mbili mpaka irekebishwe kwa mkono. Hilo lilitokea mara moja katika msimu huu na taa zikawaka hadi saa 7:30 usiku.

Sola ilikuwa matumizi mabaya ya robo ya bajeti. Betri ya ndani ilikuwa moja ya volti 1.2 na miliampea-saa 600, sawa na wati-saa 0.72. Ili taa 100 ziwake saa 7 kwa chaji kamili, zinapata kama wati 0.1 kwa pamoja. Waya wa nguzo wenye taa 100 hupata wati 6, mara 60 zaidi. Hivyo hata ingefanya kazi sawasawa, ingeonekana hafifu mbele ya mwenzake. Ile ya kwanza ilikuwa na kosa la ziada: kidirisha chake cha kupokea jua kilifungwa chini ya matawi ya ule ule mti, kikapata jua la saa chache, betri ikajaa kiasi cha theluthi. Ile ya pili kidirisha chake kilikuwa karibu na baraza. Sola za namna hii hutumia kidirisha chenyewe kutambua giza, na mwanga wa balbu kubwa ulikifanya kiamini bado ni mchana. Zote mbili zilihamishiwa kwenye uzio wa nyuma, vidirisha vikiwa vimetazama jua la mchana na mbali na taa nyingine, ambako giza la pale linatosha kuzionyesha.

Kosa la pete za mpira halikuwa la uzembe. Lebo ya balbu inataja E27, wati na kelvini. Haitaji unene wa shingo. Anayebadilisha balbu kwenye waya wa nje anunue balbu moja kwanza, aiingize mpaka mwisho, kisha ajaribu kuzungusha pete kwa kidole. Ikizunguka kwa urahisi, maji yataingia.

Kununua kwa awamu mbili hakukupangwa, lakini kulisaidia. Laiti nyaya za sebuleni zingebadilishwa mwanzoni kwa ile robo iliyokwenda kwenye sola, bajeti isingevukwa. Hata hivyo, ni kipimo cha usiku wa kumi kilichoonyesha jambo ambalo orodha ya mwanzo ililificha: mzigo mdogo huwa mkubwa pale ile mikubwa inapoondoka. Inafaa kupima tena kila baada ya badiliko.

Kuhifadhi

Kila waya ulizungushwa kwenye kipande chake cha katoni na kuandikiwa ulipofungwa, urefu na wati. Balbu 20 ziliachwa kwenye holda zake, waya ukakunjwa kwa mizunguko mipana. Betri za sola zilichajiwa, zikatolewa na kuwekwa mahali pakavu, kwa kuwa betri iliyoachwa ndani ya boksi lake huendelea kuisha polepole mpaka inaharibika. Pete nne za mpira za akiba zimefungwa kwenye mfuko pamoja na ule waya.